Mawe ya Mdachi Yana Wenyewe

Katika mwezi wa Shaabani, Ramadhani ikiwa inakaribia, wanawake wa mtaa wa Buyenzi tulikuwa tunashuka ziwani kuosha mawe. Si mawe ya kufulia. Ni mawe ishirini na mbili, kumi na moja upande huu na kumi na moja upande ule, yamepangwa mistari miwili kutoka kwenye matete mpaka majini, na yale ya mwisho huyaoni ziwa likijaa. Katikati ya kila jiwe kuna tundu la kuingia vidole viwili. Tulikwenda na ndoo, na jembe la kung'olea majani, na makaa, na ubani, na kapu la vitumbua vya watoto. Tulianza na jiwe la juu, kushoto. Mmoja anamwaga maji, mwingine anasugua, mwingine anatia kaa na ubani ndani ya lile tundu, na mimi nataja jina. Kila jiwe lina jina la mtu. Tukifika majini tunasoma Fatiha, tunagawa vitumbua, tunarudi nyumbani.

Majina niliyapata kwa bibi yangu, mama wa mama yangu. Mimi sikusoma sana. Chuo cha Kurani nilimaliza, shule ya Wazungu niliingia miaka miwili nikatolewa ili nimlee mdogo wangu. Kwa hiyo majina sikuyaandika popote, niliyaweka kwenye mawe. Ukiniuliza hivi hivi nani ni jiwe la tisa, nitasitasita. Nipe ndoo, nianzie juu, sikosei hata moja. Humu siyaandiki. Ninayo yote, lakini wajukuu wa wale watu wako hai, na sisi tuliopita katika ile miaka ya vita tunajua kwamba jina peke yake, likisomwa kwenye karatasi barabarani, lilitosha kumshusha mtu kwenye gari na asipande tena.

Tulichokuwa tunajua ni hiki: pale ni makaburi. Wazee walisema babu zetu walikuja na Mjerumani, wao walimwita Mdachi, wakitokea pwani ya mbali, wamebeba chombo cha chuma kilichokatwa vipande vipande. Walipofika hapa, ambapo wakati ule paliitwa Usumbura, ndui ikawashika. Na mawe yenyewe yamelala kama watu waliolala. Basi nani angefikiri vinginevyo? Wabelgiji walipotuondoa ufukweni na kutupeleka Buyenzi, bibi yangu hakuuliza ruhusa ya mtu. Shaabani ikifika, anachukua ndoo yake, anashuka.

Vita vilipokuja na sisi tulishuka. Siku mji umefungwa hatukwenda, kesho yake tulikwenda. Mara moja tulisikia mabomu yanapigwa upande wa milimani, tukalala chini katikati ya mawe mpaka yakanyamaza, tukaamka tukaendelea na jiwe la kumi na mbili, kwa sababu la kumi na moja lilikuwa limekwisha.

Mwaka mmoja, embargo ya nchi jirani waliotufungia mipaka imekwisha kukausha petroli mjini, tulikuta vigingi vimepigwa kuzunguka mahali petu, na kamba nyekundu. Mkubwa mmoja wa jeshi alikuwa ameomba ile parseli, kile kiwanja, ajenge baa, watu wakae wakinywa wakiangalia ziwa na milima ya Kongo ng'ambo. Barua zote alikuwa nazo. Kilimzuia kitu kimoja tu. Kwenye komini, yaani serikali ya mtaa, walimwambia kuna wanawake wanasema pale pana makaburi, na makaburi hayagawiwi. Basi ikaandikwa karatasi kwa Kifaransa, nikasomewa kwa Kiswahili: sisi watu wa familia tunakubali kwamba mahali pale hatuna kitu chetu. Chini yake wameacha nafasi ya dole gumba, na dole lenyewe ni langu, kwa sababu mtaja majina ni mimi.

Aliyeileta alikuwa karani wa yule mkubwa, mutu wa Kanyosha, mnene, mwenye adabu zake. Aliketi vizuri kwenye mkeka, akanywa chai yangu.

"Mama, ni dole tu," akasema. "Halitakuuma."

Nikamwambia dole langu limenizoea, haliendi mahali ambapo mimi siendi.

Alicheka, lakini aliniambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba mkubwa wake si mtu wa kungoja. Nilijua. Buyenzi yote ilijua. Wakati ule mtu akitaka nyumba yako alikuwa hana haja ya karatasi, na kama huyu alitaka karatasi ni kwa sababu alitaka baa yake idumu baada ya vita, mtu asije siku moja kumwambia amejenga juu ya wafu. Hapo ndipo nilipoona kwamba dole langu lina uzito.

Komini wakasema basi ipatikane kweli. Ofisi moja ya mambo ya kale ikamtuma mwanamke mmoja kuja kuchimba. Mrundi, mrefu, amevaa suruali, amesomea kazi hiyo Ulaya na amerudi nyumbani wakati ambapo wenye akili walikuwa wanakimbia. Ofisi yake haikuwa na petroli, akaja kwa baiskeli ya kubebea watu, amekumbatia mfuko wenye mwiko wa fundi mwashi na brashi ya kupakia rangi. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na ulimi wake ni mkali kama mkasi wake, alimtazama akaniuliza kama huyu amekuja kufukua makaburi ama kujenga choo.

Yule mwanamke alichimba siku nne. Nilikaa pale siku zote nne, kwenye kiti nilichobeba mwenyewe. Alikuwa hachimbi kama watu wanavyochimba. Alikwangua, akapiga brashi, akakwangua, akaandika. Vitu vilivyotoka alivipanga juu ya gazeti: vipande vya chupa za kijani zenye pembe nne, ambazo alisema ni za pombe kali ya Wazungu, vigae vya sahani nyeupe, kifungo kimoja cha shaba, ushanga mmoja wa buluu, na vyuma vilivyooza kwa kutu, vinene kama gunzi la muhindi. Mfupa, hata wa samaki, haukutoka.

Siku ya nne alikuja akachuchumaa mbele ya kiti changu.

"Bibi, nisamehe. Hapa hakuna mutu."

"Umechimba vizuri?"

"Nimechimba mpaka kwenye mchanga wa ziwa. Hapa walikuwa wanavuta meli kuitoa majini, ili waitengeneze. Reli mbili za chuma, kila jiwe limebeba reli. Ona hili tundu." Akachukua kile chuma chenye kutu akakitia ndani ya tundu la jiwe la kwanza. Kikaingia na kukaa. "Ni ya boliti."

Nilitazama lile tundu. Kwenye kingo zake kulikuwa na weusi wa moshi, wa kwangu na wa bibi yangu na wa mama yake. Miaka yangu zaidi ya hamsini nilikuwa nafukizia boliti ya Mdachi. Nilicheka. Yeye hakujua acheke au asicheke, maskini, alikuwa ametoa macho kama mutoto aliyevunja sahani ya watu.

Siku hiyo hiyo baada ya sala ya Alasiri tulikaa nyumbani, mimi na shemeji na binti yangu mkubwa, tukitazama jua kwa sababu ya kuvrefe, maana ikifika saa ya kutotembea shemeji lazima awe kwake. Binti yangu alisema tumekwisha, mwanamke wa ofisi ataandika alichokiona. Shemeji akasema kwamba mashimo bado yako wazi, na mifupa siku hizi si kitu cha kutafuta mbali. Alitaja na mahali. Pako njiani kuelekea Gatumba, alisema, watu wanapita wakigeuza uso. Mfuko mmoja tu, asubuhi mapema, na mahali petu panapona.

Sikumpigia kelele. Nilimjua shemeji yangu. Katika siku mbaya aliwaficha watu wa makabila yote mawili chini ya meza yake ya kushonea na ndani ya dari, na siyo mara moja. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa amechoka kunyang'anywa.

"Ile mifupa ina mama zake," nilimwambia. "Wanaitafuta mpaka leo. Wewe unataka kuizika kwa majina ya watu wengine?"

Akaweka kofia yake kichwani akaondoka bila kuaga. Kesho yake asubuhi nilimkuta ufukweni kabla yangu, amevua viatu, anamsaidia yule mwanamke kuinua jiwe kwa mtaimbo. Hatukulizungumza tena lile jambo, mpaka alipokufa.

Jiwe lenyewe yule mwanamke alitaka kuligeuza kwa sababu ya kazi yake, aone limekaa juu ya nini. Lilikuwa jiwe la kwanza, la juu kushoto. Lilipolala mgongo, tumboni mwake palikuwa na mikwaruzo. Yule mwanamke aliipiga brashi, akaitazama upande huu, akaitazama upande ule, akasema labda ni alama za patasi, mafundi wanaacha alama wanapochonga. Akaanza kuichora kwenye daftari lake, kichwa chini.

Niliinuka kwenye kiti.

"Geuza daftari," nikamwambia. "Hiyo ni mimu."

"Nini, Bibi?"

"Herufi. Mimu. Ya Kurani. Hukusoma chuo?"

Hakusoma. Alikuwa Mkatoliki, na kule Ulaya walimsomesha vitu vingi lakini si mimu. Na jina la jiwe la kwanza, nililolitaja pale kila Shaabani tangu ninavaa gauni fupi, linaanza kwa mimu.

Niliwaambia waende jiwe la pili, na kabla hawajatia mtaimbo nikasema litakuwa na jimu. Shemeji alinitazama kama mtu anayetazama mchezo wa karata. Wakaligeuza. Lilikuwa na jimu, na nukta yake tumboni, limechongwa na mtu aliyekuwa na haraka. La tatu nikasema sini. Likawa sini. La nne nikasema alifu, shemeji akasema hiyo hata mstari wa ufa utakuwa alifu, tukacheka, tukaligeuza, lilikuwa alifu na hamza yake juu.

Ikachukua siku mbili kuyageuza yote. Yule mwanamke alikuwa anaandika kila herufi. Mwisho alinieleza alivyofikiri, na mimi nikaona ni kweli: Mdachi aliwagawa wabebaji makundi, kila kundi na jiwe lake, na kiongozi wa kundi aliweka alama yake chini ili ijulikane nani ajibu jiwe likititia. Nani apigwe, kwa maneno mengine. Hatukuwa na makaburi. Tulikuwa na orodha ya watu walioweka mabega yao pale, na hakuna Mzungu aliyeiandika. Kina bibi yangu ndio waliishika, na waliofuata tukasahau ni orodha ya nini, tukaifanya ya wafu. Kwa vyovyote, wafu sasa ni wafu, na Fatiha tuliyowasomea haikupotea.

Jiwe moja halikuwa na herufi. La kumi na nne. Lilikuwa na mstari mmoja tu umekatwa na mwingine. Hilo jina lake si la Kiislamu, ni la Kirundi, mtu wa milimani ambaye hakujua kuandika. Watu waliposikia, wengine Buyenzi hapa hapa, waliniuliza alikuwa kabila gani. Miaka ile hilo ndilo swali lililokuja kabla ya salamu. Niliwajibu wote jibu moja: alikuwa wa jiwe la kumi na nne.

Tuliitwa Rohero, kwenye ofisi ya komini yenye feni isiyozunguka. Mkuu wa pale alikuwa na ripoti mbele yake, karani mnene amekaa pembeni na karatasi ya dole, na yule mwanamke wa ofisi amesimama ukutani. Alikuwa ameandika kweli yote, hata herufi. Mkuu alikuwa amesoma mstari mmoja.

"Kwa hiyo makaburi hakuna," akaniambia.

"Hakuna."

Nadhani alikuwa amejitayarisha kwa ugomvi, kwa sababu alikaa kidogo kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Akanisogezea kidau cha wino.

"Basi weka dole, mama, tumalize."

"Nisomee tena imeandikwa nini."

"Kwamba mahali pale hamna kitu chenu."

"Kitu tunacho," nikasema. "Mawe ishirini na mbili."

"Mawe ni ya Mjerumani."

"Mjerumani alibeba lipi?"

Karani akatazama viatu vyake. Mkuu alisema sheria ni sheria, vilivyoachwa na ukoloni ni vya leta, yaani serikali. Nikamwambia sawa, leta ije iyataje kwa majina, mimi nitasikiliza, ikikosea nitaisahihisha. Nilisema kwa adabu. Alianza kuchoka na mimi, nikaona kwenye shingo yake. Akasema kama tunayapenda hivyo tuyachukue, tunazo siku tatu, siku ya nne matrekta yanaingia. Alisema kama mtu anayetania. Nilimgeukia yule mwanamke nikamuuliza kama amesikia, akasema amesikia. Nikasimama nikatoka, na wino nikauacha pale pale.

Sasa, aliyenikatalia zaidi ya wote alikuwa ni yule mwanamke mwenyewe. Nje, kwenye ngazi, alinishika mkono.

"Bibi, usiyatoe. Jiwe likitoka mahali pake linakuwa jiwe tu. Hakuna atakayejua tena."

"Chini ya baa litakuwa nini?"

Najua alikuwa na haki yake, na mpaka leo nikilifikiri linanichoma, kwa sababu ile mistari miwili ilikuwa inasema jambo ambalo mawe yaliyotawanyika hayasemi. Lakini yeye alikuwa na daftari. Siku ya kwanza na nusu ya pili alipima na kamba, akachora kila jiwe na mahali pake, akaandika namba kwa chaki. Tulimngojea. Alipomaliza alifunga daftari akakaa juu ya mchanga, amenipa mgongo.

Siku hiyo ya pili mchana tukaanza kubeba. Niliwaita watu kwa mpangilio wa mawe. Kila ukoo ulikuja kuchukua la kwake: wauza nguo, makanika, wauza sambusa, mama mmoja mja mzito ambaye alikatazwa kugusa na akagusa. Tulikuwa na mikokoteni minne na mitaimbo ya shemeji. Waliokuwa wamekimbilia Uvira, kule Kongo, jirani alichukua kwa niaba yao. La kumi na nne halikuwa na wa kulichukua, nikalichukua mimi.

Barierini askari alitusimamisha. Alikuwa na macho mekundu, bunduki yake imening'inia kama mfuko.

"Mumebeba nini, nyinyi wamama?"

"Jiwe," nikasema.

"La nini?"

"La babu ya huyu." Nikamwonyesha makanika anayesukuma.

Alifikiri tunamchezea. Akaamuru ligeuzwe, aone tumeficha nini chini. Tukaligeuza pale barabarani, watu wanne. Aliona herufi, akainama, akaipitishia kidole. Akauliza ni ya nani. Makanika alisema jina, lote, la babu na la baba yake na la kwake mwenyewe, kwa sauti, barierini, wakati ambapo watu walikuwa wanameza majina yao wakifika pale. Nilishika ukingo wa mkokoteni. Askari akasema tupite, na mengine yote yakapita bila kuguswa.

Baa ilijengwa. Sisemi haikujengwa. Ina paa la nyasi na viti vyeupe, na miaka fulani ziwa linapanda linaingia mpaka jikoni kwao. Mawe yako Buyenzi, kila moja kwenye mlango wa nyumba yake. Watoto wanasimama juu yake wakitawadha, kuku wanalala juu yake. Shaabani tunaosha nyumba kwa nyumba. Zamani ilikuwa kazi ya asubuhi moja, sasa ni ya siku nzima kwa sababu kila mlango wanataka ukae ule.

Yule karani alikuja mara tatu na ile karatasi. Mkubwa wake bado aliitaka. Mara ya tatu ilikuwa mwezi mzima baada ya matrekta, jua kali, amevua koti. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachagua mchele, miguu yangu juu ya jiwe. Alisimama akalitazama.

"Mama, hili jiwe limetoka wapi?"

"Mahali ambapo karatasi yako inasema hatuna kitu chetu."

Alisimama na karatasi mkononi, jasho linamtoka. Halafu akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akaniomba maji ya kunywa. Nikampa.